Ugonjwa Niliopachikwa

Bwana Kakuta alifunga mlango wa ofisi yake taratibu sana, kisha akanivutia kiti. Tangu nianze kazi pale alikuwa hajawahi kunivutia kiti. Nikakaa ukingoni, nikajua nafukuzwa.

Nilikuwa mpiga taipu wa ushirika wa wakulima wa ngano pale Karatu, bado niko kwenye majaribio. Ilikuwa Julai, mwaka wa sitini na tatu, ukungu wa kreta umeshuka na kulalia mabati hadi saa za chai. Wiki iliyotangulia mwenyekiti wa kamati alikuja akasimama mbele ya meza yangu, nami sikuinuka. Nilikuwa katikati ya sentensi. Mimi nikiwa katikati ya sentensi siinuki, maana nikiiacha inanikera kichwani mchana kutwa. Niliimaliza, nikainuka, nikasema, "Shikamoo, mzee." Mzee alikuwa ameshapanda gari lake.

Basi nikajiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimekwisha kupanga la kujibu.

"Binti yangu," Bwana Kakuta akasema, "tumekuthibitisha kazini."

Nilimshukuru, nikainuka niende. Akaniashiria nikae.

"Clemensi wa mizani ametueleza kila kitu. Pole sana, mwanangu."

"Kitu gani?"

"Ugonjwa si aibu. Hata kwetu Loliondo wako watu wenye kifafa, na wanachunga ng'ombe vizuri tu."

Nilimwambia sina kifafa. Akaitikia kwa kichwa, macho ameyafumba nusu, namna watu wazima wanavyomkubalia mtoto anayekana kuwa amelowesha kitanda. Akanieleza habari zangu mwenyewe. Kwamba kifafa kilinipata utotoni, kikaacha, lakini kilikwisha kunigusa kichwa. Ndiyo maana sitazami watu usoni, sipendi makelele, na nasema lolote linalonijia mdomoni. Clemensi aliyasema hayo mbele ya kamati nzima, na kamati ikalainika. Hata mwenyekiti alisikitika.

Kisha akanipa zawadi. Nitahamishiwa chumba kidogo cha nyuma, kando ya ghala, chenye mlango wake. Sitapokea wageni. Sitalazimika kusalimiana na mtu. Chai nitaletewa, na nisipoitaka hakuna atakayeniuliza.

Naomba msomaji unielewe hapa, maana hata mama yangu hakunielewa. Chumba kile nilikuwa nakitamani kama mwenye njaa anavyotamani ugali. Nilikiomba tangu masika. Bwana Kakuta akanijibu, "Unataka kujitenga na wenzako, wana nini?" Nilipokiomba nikiwa mzima nilinyimwa. Sasa napewa kwa sharti la kuwa mgonjwa, na ugonjwa wenyewe si wangu.

Ofisi ile ilikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote, na kila mtu alizaliwa nazo isipokuwa mimi. Asubuhi huruhusiwi kusema "hamjambo" mara moja kwa chumba kizima ukaanza kazi. Lazima umpitie kila mmoja, umshike mkono, umwulize nyumbani, watoto, shamba, na yeye ajibu "njema". Yohani mhasibu aliwahi kunijibu "njema" kwa kila swali, kisha saa ya chai nikasikia kuwa jana yake alimzika shangazi yake. Nikamwuliza mbele ya wote kwa nini alinidanganya. Tangu siku ile ananisalimu huku anatazama pembeni.

Na chai. Saa nne wote wanajazana chumbani kwa Bwana Kakuta, wanasema kwa pamoja, viti vinakwaruza sakafu, na kwangu inakuwa sawasawa na mtu kunigongea debe sikioni. Nikawa nakwenda kukaa ghalani juu ya magunia. Lakini kwetu huku, mtu asiyekunywa chai ya wenzake ana mawili: ama anawadharau, ama anaogopa watamtilia kitu. Chai ilikuwa ya dada Nashilu, aliyekuwa akipokea wageni, na maziwa aliyaleta mwenyewe kutoka kwao, ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto. Siku moja akanishika: "Mwanamisi, chai yangu ina nini?" Nikamwambia inanuka moshi. Ilikuwa inanuka moshi. Kumbe moshi ule ndio fahari ya maziwa ya kwao, na mimi nimemtukania mama yake na nyanya yake mbele ya wanaume. Kama hutaki jibu, unauliza ya nini?

Hiyo ndiyo ofisi niliyorudi kuikabili nilipotoka kwa Bwana Kakuta. Nashilu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu habari ya moshi, aliinuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Po-le, m-do-go wa-ngu," polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio nayo yamekufa. Afadhali angeendelea kuninunia. Aliponinunia alininunia mtu mzima mwenzake.

Nikamtafuta Clemensi. Wakaniambia amekwenda Buger na lori kupokea ngano, atarudi jioni.

Clemensi alikuwa karani wa mizani, kijana wa Endamarariek, mrefu, mikono imekauka kwa vumbi la makapi. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa kuwa sijui kulisema vingine. Nilimpenda kwa sababu alikuja siku moja ghalani wakati wa chai, akakaa gunia la pili, akatafuna mahindi yake ya kuchoma, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake akaja tena. Akinisemesha, alisema jambo moja, akangoja nijibu, ndipo akaleta la pili. Hakunishika bega ghafla. Hakuniuliza kwa nini simtazami. Na siku aliponiambia, "Mwanamisi, nataka nikuoe," hakuzungukazunguka, aliliweka neno mezani tukalitazama wote wawili. Usiku ule nililala na furaha mpaka ikaniuma kifua. Yeye Mkatoliki, mimi binti wa Kiislamu, na baba yangu ni baba yangu. Tulijua kuna kazi. Alisema mavuno yakiisha atakwenda mwenyewe kumkabili.

Na huyu ndiye aliyesimama mbele ya kamati akanipachika kifafa.

Mchana nilikwenda nyumbani kula. Duka letu liko barabarani, la mafuta ya taa, blanketi na chumvi. Baba alihamia Karatu kutoka Kondoa kabla sijazaliwa. Mlango wa duka ulikuwa umerudishwa, na baba hafungi duka mchana ila kukiwa na msiba. Nilipoingia uani nikamkuta Mzee Jumanne ameketi mkekani.

Mzee Jumanne alikuwa mshenga wa Saidi, kijana wa Mto wa Mbu aliyemposa mdogo wangu Mwamini. Mambo yalikwisha kukubaliwa, mahari yamekwisha kutajwa, mama alikuwa ameanza kukusanya vyombo. Mshenga hakuwa na sababu ya kurudi kabla ya siku ya harusi. Na kahawa aliyowekewa hakuigusa.

Nikamwamkia. Alinitazama mikono, kisha akanitazama mdomo. Baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa anatafuta makovu, maana watu wa kifafa huangukia moto na kujing'ata ulimi.

Baba akaniambia nikae. Mwamini alikuwa chumbani nyuma ya pazia, nikasikia pua yake.

Kila anayeoa kwetu hupeleleza kwanza ukoo. Huulizwa majirani, huulizwa sokoni: Je, mle ndani mna ukoma? Mna wazimu? Mna kifafa? Watu wa Saidi walipeleleza, wakaona ni safi, ndipo wakaposa. Sasa Mzee Jumanne kashuka gari la Arusha kwa shughuli zake, kabla hajafika hata dukani kwetu kasikia sokoni kwamba binti mkubwa wa Haji ana kifafa, na habari imetoka ofisini kwake mwenyewe. Aliyasema haya bila ukali, ametazama mkeka. Watu wa Saidi watasema ugonjwa huo hutembea katika damu. Hawatachukua mke ili wazike wajukuu.

Mama aliapa kwamba sijaanguka hata siku moja. Kwamba nilichelewa kusema, ndiyo, na nilipoanza kusema nilianza na maneno ya watu wazima. Kwamba nilikuwa nikilia nikivalishwa nguo mpya. Kwamba nilipanga vibiriti vya dukani mchana kutwa na ole wake atakayevigusa. Lakini kuanguka, hapana, Mungu ni shahidi.

"Mama Mwanamisi," Mzee Jumanne akasema, "mgonjwa hukana, na mzazi huficha. Simtukani mtu. Ndivyo walimwengu tulivyo."

"Nani amelisema neno hili?" baba akaniuliza.

"Clemensi, karani wa mizani. Ndiye anayetaka kunioa."

Aliniuliza swali, nikamjibu. Sikujua jibu hukatwa wapi. Mama alishika kichwa, na nyuma ya pazia Mwamini akaacha kulia.

Baba yangu hapigi kelele. Akikasirika hushusha sauti, na siku ile aliishusha mpaka ikabidi tuiname. "Mmbulu wa Endamarariek," akasema. "Mkristo. Tena mwongo. Na wewe umemficha nyumbani kwangu."

"Sikumficha. Hukuniuliza."

"Mwanamisi," mama akasema.

"Hakuniuliza, mama."

Baba akamgeukia mgeni. Akamwuliza ni nini kitakachomridhisha, kama maneno yake na ya mkewe hayatoshi. Mzee Jumanne alifikiri. Akasema hana nia ya kuvunja jambo jema. Gari la kwenda Mto wa Mbu litapita kesho alasiri. Mpaka saa hiyo atakuwapo. "Aliyelitoa neno na aje alirudishe kinywani mwake mwenyewe, hapa, mbele yangu. Asipokuja, nitajua lilikuwa kweli."

Mwamini alinidaka mlangoni nilipokuwa natoka. Macho yamemvimba. Sisi hatufanani; yeye akiingia mahali, watu hufurahi. Tangu utoto alikuwa akinitangulia kwenye nyumba za watu, anasalimu kwa niaba yetu wote wawili. "Dada, mimi nampenda Saidi," akasema. Hakunilaumu. Angenilaumu ningemjibu.

Lori liliingia jioni, jua limekwisha kupungua ukali. Vibarua walishuka, na Clemensi akabaki kwenye mizani anaifuta kwa kitambaa, kope zimeshika vumbi jeupe. Aliponiona alitabasamu, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukafurahi kabla sijaukataza.

"Umepata kazi?" akaniuliza.

"Ulisema nina kifafa."

Tabasamu likapungua. "Nilisema ulikuwa nacho. Utotoni."

"Sikuwa nacho."

"Najua, Mwanamisi." Akateremka kwenye mizani. "Walikuwa wanakufukuza. Mwenyekiti alisema ana aibu kuajiri mtu asiye na adabu. Kakuta alikwisha kukubali. Nilikuwa mle ndani, wameniita kuniuliza habari ya magunia, na wao wanakufukuza mbele yangu. Ungetaka nifanye nini?"

"Uwaambie nilivyo."

"Niwaambie nini? Hivyo ulivyo hakuna jina lake. Nilitafuta nikakosa. Nikiwaambia hapendi makelele, wanasema nani anayapenda. Nikiwaambia hajui kuzungukazunguka, wanasema hana adabu. Watu hawahurumii kitu kisichokuwa na jina. Kifafa wanakijua."

"Sikukuomba unitafutie huruma."

"Hukuomba kitu. Wewe huombi kamwe." Sauti yake ilipanda kidogo, akaishusha kwa ajili ya vibarua. "Nimekuokolea kazi yako. Una chumba chako. Una kimya chako. Nilifikiri leo utafurahi."

Lililonichoma ni kwamba alisema kweli. Alikuwa amenipa vyote nilivyovitaka, akanipunguzia kimoja tu: mimi. Nilitaka kulia, nikaona afadhali nikasirike, maana katika hasira angalau nazijua njia.

"Nikuulize," nikasema. "Wewe mwenyewe unafikiri naumwa?"

Alinyamaza. Nimekwambia msomaji kwamba ukimya wake ndio nilioupenda kwanza. Huu haukuwa ule.

"Nafikiri watu wanakuumiza," akasema mwisho. "Nafikiri kila siku ukitoka pale umechoka kuliko aliyelima. Ndiyo sababu nataka tuoane upesi, uache kazi. Nyumba yangu Endamarariek iko peke yake juu ya kilima. Hutamsalimu mtu. Hutakunywa chai ya mtu. Nitakulinda."

"Kakuta amenipa chumba cha nyuma, na wewe unanipa kilima cha nyuma."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Nyote mnanionea huruma na nyote mnanificha. Mimi nataka kazi yangu, Clemensi. Naipenda. Naipenda barua ikitoka kwenye mashine imenyooka. Ningefukuzwa kwa kutoinuka, ningefukuzwa mimi, na ningetafuta kazi nyingine kwa jina langu. Sasa nani aliyethibitishwa pale? Yupo mgonjwa mmoja umemzaa wewe, mshahara ni wake, chumba ni chake. Mimi sipo."

Alinyoosha mkono, akakumbuka kwamba sipendi kushikwa ghafla, akaurudisha. Kukumbuka kwake kuliniuma zaidi ya kusahau. Mtu anayenijua kiasi hicho alikuwa na uwezo wa kunisema vizuri kuliko wote duniani, akachagua uongo kwa sababu ulikuwa karibu.

Nikamweleza habari ya Mwamini. Nilimweleza Mzee Jumanne, na kahawa ambayo haikunywewa, na gari la kesho alasiri. Nilimwona anavyoelewa, kidogokidogo, vumbi likimtoka usoni kwa jasho. Hakuwa mtu mbaya. Kwao pia hupeleleza ukoo. Alikuwa amesahau tu kwamba neno lililosemwa kwa kamati haliketi na kamati.

"Njoo kesho kwa baba," nikasema. "Useme ulisema uongo."

"Mbele ya baba yako?"

"Na mbele ya mshenga."

Alikaa kwenye ukingo wa mizani, sindano ikaruka. "Mwanamisi, nilitaka siku ya kwanza baba yako kuniona, anione nimekuja na wazee wangu, nimekuja kwa heshima. Dini peke yake ni mlima. Nikija kesho kumwambia mimi ndiye niliyeichafua nyumba yake, hatanipa binti yake milele. Hata angekuwa Mkristo asingenipa."

"Najua."

"Na kazi nitapoteza. Nimeidanganya kamati."

"Najua."

"Basi nikija nimekupoteza. Ndivyo unavyotaka?"

Nilitaka kumwambia kwamba sitaki. Nilitaka kumwambia kwamba nikisikia lori linaingia huwa nahesabu hatua zake mpaka mlangoni. Lakini hasira ilikuwa imekaa mlangoni mwa maneno hayo yote, haikuyapisha. "Sikuambii nitakacho," nikajibu. "Nakuambia saa. Gari hupita alasiri."

Niliondoka.

Kesho yake baba alinizuia kwenda kazini mpaka jambo liishe. Nikabaki dukani, nikakunja blanketi ambazo zilikuwa zimekunjwa. Adhuhuri ikapita. Wanaume wakarudi kutoka sala ya Ijumaa. Mzee Jumanne akala kidogo kwa ajili ya adabu, akaanza kufunga kifurushi chake, na mama akaanza kutembea uani bila kazi. Mwamini hakutoka chumbani. Mimi nilikuwa namchukia Clemensi kwa kutokuja, na nilikuwa naogopa akija, na hisia hizo mbili zilinibana mbavuni mpaka nikashindwa kupumua vizuri.

"Hodi," mtu akasema.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe la Jumapili, kofia mkononi. Alimwamkia Mzee Jumanne, akamwamkia baba, akamwamkia mama, mmoja mmoja. Hakuna aliyemkaribisha kukaa, na hakukaa.

"Mimi ndiye Clemensi," akasema. "Nilisema Mwanamisi aliugua kifafa. Ni uongo. Hakuna aliyeniambia, nilibuni mwenyewe. Sijaona wala kusikia ugonjwa wowote katika nyumba hii. Kama kuna mtu anataka niape, nitaapa."

Mzee Jumanne alimwapisha. Alimwuliza mara ya pili, kwa maneno mengine, namna hakimu anavyomwuliza shahidi, na Clemensi akajibu vilevile. Mzee akavuta kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele yake, akanywa chote, akamwambia baba kwamba Mto wa Mbu wangoje harusi yao. Mama aliingia ndani mbio. Nikamsikia Mwamini akicheka na kulia kwa pamoja.

Baba hakumwondolea Clemensi macho.

"Kwa nini ulibuni?"

"Walitaka kumfukuza. Niliogopa."

"Uliogopa nini, na yeye si ndugu yako?"

Clemensi akageuza kofia mikononi. "Nilitaka kumwoa, mzee. Bado nataka."

"Basi nikwambie jambo moja," baba akasema, sauti chini kabisa. "Binti yangu huyu nimesikia akiitwa mengi tangu alipokuwa mdogo. Mwenye kiburi. Mwenye shetani. Majirani wamesema, walimu wamesema. Wote hao walikuwa hawampendi. Wewe unasema unampenda, na ndiye uliyesema baya kuliko yote. Umesikia? Njia uliyojia unaijua."

Sikuwa nimejua kwamba baba alikuwa akiyasikia yale yote. Nilifikiri ni mimi tu niliyeyabeba.

Clemensi akaaga, akatoka. Mgeni kwetu husindikizwa; yeye hakuna aliyeinuka. Nikainuka mimi.

"Mwanamisi, kaa," baba akasema.

"Narudi, baba."

Nilimkuta kando ya barabara, vumbi la gari la watalii linatulia juu ya shati lake jeupe. Hakugeuka mpaka niliposimama upande wake. Tulitazama mbele wote wawili, kuelekea mlimani, kama tulivyokuwa tukitazama magunia.

"Nilichelewa kwa sababu nilianzia ofisini," akasema. "Saa ya chai, walipokuwa wote. Nimewaambia vilevile."

Hilo sikuwa nimemwomba. Nililitaka kwa moyo wote na sikulisema, nikamwachia mwenyewe alione.

"Wakasemaje?"

"Nashilu alitoka nje. Yohani alicheka. Kakuta alinihoji mpaka adhuhuri, akanisimamisha kazi." Akapangusa vumbi shatini. "Na wewe, amesema chumba cha nyuma hakipo tena. Mwenyekiti atakuja Jumatatu. Amesema kama Mwanamisi ni mzima, basi atahukumiwa kama mzima. Nisamehe. Huenda wakakufukuza kweli."

Nilikirudia kimoyomoyo kile alichosema. Atahukumiwa kama mzima. Chumba kile nilikuwa bado nakitaka, na nilijua Jumatatu nitasimama mbele ya mwenyekiti nikimweleza kwa nini sentensi haikatwi katikati, na huenda asielewe hata kidogo. Lakini nilipumua mpaka chini kabisa, mara ya kwanza tangu jana.

"Vizuri," nikasema.

"Vizuri?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe hukupaswa kuogopa kwa niaba yangu."

Aliniangalia pembeni, akitafuta kama kuna mlango. Ningemsamehe pale pale kama ingekuwa hiari yangu. Haikuwa. Hasira yangu haiondoki kwa kuamriwa. Huja yote, hukaa, na huisha siku yake.

"Bado nimekukasirikia," nikamwambia. "Sana. Sijui itachukua muda gani. Ikiisha nitakuja mwenyewe Endamarariek kukuambia, na kama baba atakuwa bado amekataa, hilo tutaligombania baadaye. Usitume mshenga. Usitume mtu kuja kunibembeleza. Na tangu leo usinieleze tena kwa mtu yeyote, kwa wema wala kwa ubaya."

"Na wakiniuliza? Mama yangu ataniuliza, Mwanamisi. Kijiji kizima kitaniuliza wewe ni mtu wa namna gani."

"Waambie waje waniulize mimi."